Si kila binti anayetapika ana mimba: Tuyafahamu maradhi ya bulimia

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tarime

KATIKA kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya swala ya alasiri, mama mmoja alinisubiri nje ya ofisi ya msikiti mpaka watu wote wakaondoka. Alikuwa ameshika kikapu kilichofunikwa kwa kanga, mfano wa mtu aliyekuwa njiani kwenda sokoni akapita mara moja. Alipoona tumebaki wawili barazani, akauliza:

"Ustadhi, mtu akitapika naye amefunga, swaumu yake ipo?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa chuoni. "Kama matapishi yamemshinda, mama, swaumu yake ipo. Hana la kulipa."

"Na kama amejitapisha?"

"Aliyejitapisha kwa makusudi amefungua. Atailipa siku hiyo."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na anayejitapisha kila usiku, baada ya kufuturu?"

Nikamwambia kwamba usiku hakuna swaumu, kwa hiyo hapo hapana cha kulipa. Akashukuru, akajitwisha kikapu chake, akaenda zake.

Jibu langu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa fiqhi. Lakini mama yule hakuja kwa ajili ya fiqhi. Alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, akatafuta mlango wa kulisema jambo hilo bila kulisema, nami nikaufunga. Sikumuuliza hata swali moja: ni nani huyo, na kwa nini anafanya hivyo kila usiku?

Miezi kadhaa baadaye nilikuja kulijua jina la maradhi ya binti yake. Yanaitwa bulimia. Mama na binti wameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti la kutowataja, na nimeyaacha yote yanayoweza kuwatambulisha. Naandika kwa sababu nina yakini kwamba mama yule si wa mwisho kusimama kwenye baraza ya msikiti akiwa na swali ambalo halikuwa swali lake.

Njaa ya ng'ombe

Bulimia ni moja ya maradhi ya ulaji, nayo huhesabiwa katika maradhi ya akili. Mgonjwa hushikwa na vipindi vya kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, huku akihisi kwamba hana uwezo wa kujizuia. Kipindi kikipita, humjia hofu na aibu, hasa hofu ya kunenepa. Hapo hutafuta njia ya kukiondoa alichokula au kukifidia: hujitapisha, hunywa dawa za kuendesha tumbo au za kukojosha, hushinda na njaa siku nzima, au hufanya mazoezi kupita kiasi. Kisha njaa humrudia kwa nguvu, akala tena bila kipimo, na mzunguko ukaanza upya.

Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki cha kale, nalo limeunganisha maneno mawili, ng'ombe na njaa. Ni kusema, njaa ya ng'ombe. Sisi wa Tarime na Serengeti, ambao ng'ombe ni mali na ni heshima, twaweza kulielewa jina hilo upesi. Lakini ng'ombe anapocheua hukirudisha chakula kinywani ili akitafune vizuri kimfae. Mgonjwa wa bulimia hukirudisha ili kisimfae hata kidogo.

Maradhi haya yalielezwa rasmi katika tiba ya kisasa mwaka 1979 na daktari Gerald Russell wa Hospitali ya Royal Free, London, aliyeandika kuhusu wagonjwa 30. Hivi leo, kwa vigezo vilivyotolewa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 2013, mtu huhesabiwa kuwa na bulimia ikiwa vipindi hivyo vya kula na kujifidia vimemtokea kwa wastani wa walau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, na ikiwa thamani anayojipa nafsi yake imefungwa mno na umbo au uzito wa mwili wake.

Kwa hiyo mtu aliyeshiba mno kwenye karamu ya arusi si mgonjwa wa bulimia. Wala aliyetapika kwa malaria au kwa chakula kilichochacha si mgonjwa wa bulimia. Tunazungumzia mwenendo unaojirudia kwa siri, wenye hofu ndani yake, ambao mwenyewe anatamani kuuacha akashindwa.

Kwa nini hatuyaoni

Yapo maradhi mengine ya ulaji, yaitwayo anoreksia, ambayo mgonjwa hujinyima chakula mpaka akabaki mifupa. Hayo hata jirani huyaona. Bulimia ni tofauti. Wagonjwa wengi wana uzito wa kawaida, na wengine wana mwili mkubwa. Anakula mbele ya watu, tena vizuri. Anacheka na wageni. Kisha anaomba udhuru, anakwenda chooni au bafuni, na maji yanasikika yakimwagika kwa muda mrefu.

Ziko dalili ambazo mwenye macho anaweza kuzitambua zikikusanyika pamoja. Chakula hupotea jikoni bila maelezo: sufuria ya wali uliobaki, mkate mzima, sukari. Mtoto huondoka mara tu baada ya kila mlo. Mashavu huvimba karibu na masikio kwa sababu tezi za mate zimevimba. Meno hupoteza ung'avu, huwa membamba, na huumia yanapoguswa na maji baridi, kwani tindikali ya tumboni hulila tabaka gumu la nje la jino. Koo huwasha kila wakati. Vifundo vya vidole vya mkono huweza kuwa na makovu. Hedhi hupoteza utaratibu wake.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa nje. Kutapika na kuharisha mara kwa mara huupotezea mwili maji na madini, hususan potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Ikipungua sana, moyo huweza kwenda mrama ghafla, na mtu aliyeonekana mzima akazimia au akafariki. Umio nao huweza kuchanika na kutoa damu. Kwa hiyo anayezimia, anayetapika damu, anayehisi moyo unakwenda mbio bila mpangilio, au anayesema hatamani tena kuishi, asingojeshwe kesho. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba hata hicho kinachotafutwa hakipatikani. Kutapika hakuondoi chakula chote kilicholiwa, na dawa za kuendesha tumbo hufanya kazi wakati sehemu kubwa ya lishe imekwisha kufyonzwa. Kinachotoka kwa wingi ni maji. Mtu anahatarisha moyo wake kwa faida ambayo haipo.

Tunavyomdhania binti anayetapika

Turudi kwa binti wa yule mama. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni. Wenzake walimpa jina la utani kwa ajili ya mwili wake, na jina lile likamfuata kutoka bwenini hadi bwaloni. Akaanza kujinyima chakula. Njaa ilipomzidi nguvu akala bila kipimo, kisha akaogopa, kisha akajitapisha. Alidhani ni mara moja tu.

Aliporudi likizo na mama akamsikia akitapika, wazo la kwanza la familia lilikuwa mimba. Alipimwa, hakuwa nayo. Baba akasema kipimo kimekosea, akapimwa tena. Katika muda wote huo binti alitukanwa na kuchapwa kwa dhambi ambayo hakuifanya. Kila alipochapwa, alizidi kujificha, na kila alipozidi kujificha, alizidi kutapika.

Tusiwalaumu wazazi peke yao. Kwa miaka mingi katika nchi yetu, mimba ilikuwa mwisho wa shule kwa msichana. Ni Novemba 2021 tu ambapo serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurejea madarasani. Hofu ya miaka hiyo yote haiondoki kwa tangazo moja. Msichana akitapika, nyumba nzima huhesabu miezi.

Baada ya mimba wakaja kwenye vidonda vya tumbo, akanywa dawa ambazo hazikuhusika na ugonjwa wake. Baada ya vidonda wakasema jini, akasomewa. Kisomo ni kheri, nasi hatukikatazi. Lakini Mtume (S.A.W.) alituhimiza pia kutafuta dawa, na kisomo hakikuwekwa kiwe badala ya daktari.

Aliyeigundua siri hatimaye alikuwa daktari wa meno. Binti alipelekwa kwa maumivu ya meno ya mbele. Daktari akayatazama kwa nyuma, upande wa ulimi, akaona yalivyolika, akamwomba mama atoke nje kidogo. Kisha akamuuliza binti kwa upole, "Unatapika mara ngapi kwa wiki?" Hakumuuliza kama anatapika. Binti akalia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza akitaka kujua, bila kumshitaki.

Huwapata nani?

Wengi wetu tukisikia habari hizi husema, "Hayo ni maradhi ya Wazungu walioshiba." Ni kweli kwamba mgonjwa aliyejulikana zaidi duniani alikuwa Diana, Binti Mfalme wa Wales, ambaye aliyaeleza maradhi yake katika mahojiano na BBC Novemba 1995. Lakini mwaka 2008 aliyetoka hadharani alikuwa John Prescott, mwanasiasa mwenye mwili mkubwa, baba wa familia, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza kwa miaka 10. Naye alisema kwamba aliugua bulimia na kwamba aliona aibu kusema. Ni watu wawili wasiofanana kwa lolote isipokuwa siri ile moja.

Kwa kawaida maradhi huanza katika ujana, kuanzia miaka ya mwisho ya sekondari hadi mwanzo wa utu uzima. Wanawake ni wengi zaidi, lakini wanaume wapo, nao huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayewadhania. Humpata pia mke aliyezaa na kuambiwa na mumewe kwamba umbo limeharibika. Humpata mwenye kazi au mchezo unaodai uzito fulani. Hatari huongezeka kwa aliye na ndugu wa damu mwenye maradhi kama haya, aliye na sonona au wasiwasi mwingi, aliyechekwa kwa ajili ya mwili wake, anayejinyima chakula kwa ukali ili akonde, na aliyefanyiwa ukatili utotoni.

Hilo la mwisho lituguse sisi wa wilaya hizi. Tunajua wasichana wangapi kila Desemba hukimbia ukeketaji na kutafuta hifadhi katika nyumba salama, hapa Tarime na kule Mugumu. Simaanishi kwamba kila aliyepitia hayo ataugua bulimia. Namaanisha kwamba jeraha la mwili likipona, la moyoni huenda likatafuta njia nyingine ya kutokea, na chakula ni moja ya njia hizo. Anayewalea wasichana hawa aangalie pia wanavyokula.

Je, mila yetu ni kinga?

Wapo wanaosema kwamba sisi tumesalimika kwa kuwa kwetu unene ni neema. Mgeni akirudi kutoka safari tunamwambia, "Umenenepa!" naye hufurahi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 1994 watafiti Adrian Furnham na Peter Baguma walichapisha utafiti uliowalinganisha Waganda na Waingereza walioonyeshwa michoro ya miili mbalimbali. Waganda waliipenda miili minene kuliko Waingereza walivyoipenda.

Lakini kinga hiyo hubomoka upesi. Visiwani Fiji, katika bahari ya Pasifiki, watu nao walipenda mwili uliojaa, na mgeni hukaribishwa kwa kulishwa. Televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa shule wakati huo, na hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Aliporudi kuuliza mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema kwamba wamefanya hivyo. Ni miaka mitatu tu.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake zaidi ya 200. Walikuta kwamba dalili za maradhi ya ulaji zipo miongoni mwa Watanzania, na kwamba zinahusiana na kiasi mtu anavyokutana na vyombo vya habari vya kigeni. Mwaka huo simu za mkononi zenye picha na video hazijaenea hata robo ya leo. Sasa binti aliyeko kijijini Serengeti hulala na kioo hicho chini ya mto. Asubuhi shangazi anamsifu kwa kunenepa. Usiku simu inamwambia anywe chai ya kupunguza mwili. Amwamini nani?

Ramadhani na mgonjwa wa bulimia

Kwetu Waislamu kuna jambo la ziada la kuangaliwa. Mgonjwa huyu anaweza kujificha ndani ya ibada. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi na siku nyingine nyingi huenda anatafuta radhi za Allah (S.W.), na huenda anatafuta ruhusa ya kutokula ambayo hakuna atakayeihoji. Hatuwezi kuhukumu nia. Tunaweza kuuliza hali. Na katika Ramadhani, njaa ya mchana ikifuatwa na meza iliyojaa uji, mihogo, maandazi na viazi, huwa kama kuni juu ya moto kwa mwenye maradhi haya.

Hukumu ya kujitapisha nimekwisha kuitaja, imejengwa juu ya Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Lakini Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kuzilipa siku zake baadaye, kwa kuwa Allah anatutakia wepesi. Ikiwa daktari mwaminifu amesema kwamba kufunga kutamdhuru mgonjwa au kutavuruga tiba yake, basi huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Aende kwa sheikh na maelezo ya daktari, aelekezwe namna ya kulipa akipona. Asiitwe mlafi wala mla Ramadhani.

Tiba ipo

Habari njema ni kwamba bulimia inatibika, na wengi hupona, hasa wakianza mapema. Tiba kuu ni ya mazungumzo. Mtaalamu humsaidia mgonjwa kurudisha milo ya kawaida kwa saa zinazojulikana, kutambua mawazo na matukio yanayomsukuma kula na kutapika, na kujifunza njia nyingine ya kukabili huzuni na hofu. Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford ni miongoni mwa walioiendeleza tiba hii. Kwa vijana wanaoishi na wazazi, familia hushirikishwa. Daktari anaweza pia kuandika dawa iitwayo fluoksetini, inayotumika pia kutibu sonona. Hiyo haichukuliwi dukani kwa kukisia.

Nyumbani, haya ndiyo tunayoweza kuyafanya. Tuchague saa ya utulivu, mbali na chakula na mbali na watu, tumwambie tulichokiona bila kumtuhumu. Tumhakikishie kwamba hatutamchapa wala kumtangaza. Tuache kabisa utani juu ya mwili wake, hata ule wa sifa. Tule naye pamoja, na tukae naye kwa mazungumzo baada ya kula. Akitapika, asukutue kwa maji tu, asisugue meno kwa mswaki papo hapo, maana yamelainika kwa tindikali na yatalika zaidi.

Kisha tumpeleke kwa wataalamu. Tuanzie zahanati au kituo cha afya, tupate rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikihitajika Musoma, au Bugando jijini Mwanza, ambako kuna madaktari wa afya ya akili. Tumwambie daktari neno lenyewe, kujitapisha, tusiseme tu "anaumwa tumbo". Mtoto anayefanyiwa ukatili, au anayemhofia mzazi wake, anaweza kupiga simu bila malipo namba 116, au kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii.

Binti wa yule mama anaendelea na matibabu. Zipo wiki nzuri na zipo wiki mbaya. Baba yake, ambaye ndiye aliyemchapa, sasa ndiye anayempeleka Mwanza. Njiani hawazungumzi sana, lakini humnunulia ndizi mbivu wakala pamoja ndani ya basi. Mama ananiambia kwamba hiyo ndiyo njia ya baba ya kuomba msamaha, na kwamba binti ameielewa.

Nami nimebadili desturi yangu ofisini. Mtu akija na swali la hukumu, namjibu hukumu kama ninaijua, kisha namwekea kiti, namuuliza, "Na nyumbani hamjambo?" Wengi hujibu kwamba hawajambo, wakaenda zao. Wachache hukaa.